Mashine ya kilo 1,200 na mteremko wa uani

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Mwanga, Kigoma. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichomelea mageti na madirisha uani kwangu, na sasa nimenunua mashine ya kukereza chuma, iliyotumika, kutoka karakana moja Dar es Salaam inayofungwa. Kibao chake kinasema kilo 1,200. Lori litaifikisha hadi barabarani. Kutoka hapo hadi bandani kwangu ni mita 22 za mteremko, njia ya udongo, kisha sakafu ya zege. Kreni haiwezi kuingia uani. Vijana wa mtaani wanasema wakiwa 15 wataibeba kwa dakika kumi. Mke wangu hataki hata kusikia. Nifanyeje?

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mashine. Kabla ya yote, mkeo ana haki. Vijana 15 wakigawana kilo 1,200, kila mmoja anapata 80, tena ameinama, vidole vimeshika ukingo wa chuma chenye grisi, na nusu yao wanashuka mteremko kinyumenyume. Miongozo ya usalama kazini ya Uingereza humkadiria mwanamume kilo 25, nazo ni pale anaposimama wima na mzigo ukiwa usawa wa kiuno, karibu na mwili. Kwa hesabu hiyo unahitaji watu 48, na mashine ya urefu wa mita mbili na kidogo haina pa kushika watu 48. Halafu kuna hili ambalo vijana hawalifikirii: akiteleza mmoja, kilo zake zinahamia kwa jirani yake papo hapo. Huyo naye anaachia, wa tatu anaachia. Hakuna anayeamua kuachia, mikono huachia yenyewe. Aliye upande wa bondeni ndiye anayebaki chini ya chuma.

Nimehamisha mashine za karakana kwa zaidi ya miaka 30, nyingi zikiwa nzito kuliko yako, na sijawahi kubeba hata moja. Mzigo wa namna hii haubebwi, unasogezwa. Unautafutia njia ambayo wakati wote, kuanzia kwenye lori hadi mahali pake, chini yake kuna kitu kigumu, na kati ya mzigo na kitu hicho hakuna nafasi zaidi ya unene wa kidole. Jeki ikivuja, kamba ikikatika, mtu akipiga chafya, mashine inashuka unene wa kidole na kutulia. Kila nitakachokueleza hapa kinatokana na hilo.

Tuanzie Dar, kwa sababu nusu ya kazi yako inaweza kumalizwa huko kabla lori halijawashwa. Pale karakana inapofungwa bila shaka wataleta kreni au fokolifti ya kupakia. Hiyo ndiyo mara pekee mashine yako itaning'inia hewani kwa urahisi, basi itumie vizuri: mwombe muuzaji aishushe juu ya jukwaa la mbao na kuifunga kwa bolti, ndipo jukwaa na mashine vipandishwe pamoja kwenye lori. Gharama ya mbao na seremala wa Dar ni ndogo ukilinganisha na tabu ya kuitengenezea jukwaa ikiwa tayari imesimama barabarani Mwanga, jua linazama na dereva anadai aondoke.

Jukwaa lenyewe ni rahisi. Boriti mbili ndefu za inchi nne kwa nne, urefu wa mita 2.4, ziwe ndizo za kuteleza. Ncha zake zote mbili zikatwe mshazari kwa chini, kama omo la mtumbwi, zisichimbe udongo. Juu yake zipite boriti nene za kukingama, chini ya kila mguu wa mashine, zenye urefu wa mita 1.2. Mashine ifungwe kwenye hizo za kukingama kwa bolti zinazopita mbao nzima, kwa matundu yaleyale ambayo ilikuwa imefungiwa sakafuni. Mbao iwe ngumu, mkaratusi mkavu kwa mfano. Paini inabonyea na bolti zinalegea njiani.

Kwa nini mita 1.2? Hapa ndipo watu wengi wasioijua mashine ya kukereza wanapoumia. Itazame kwa mbele inaonekana imekaa imara, kwa sababu ni ndefu. Izunguke uitazame kwa ubavu wa kichwa: miguu yake ina upana wa sentimita 45 hivi, na uzito mkubwa, yaani kichwa chenye gia na kitanda, ule mwili mrefu wa chuma cha kusubu, uko juu, karibu na usawa wa kifua cha mtu. Inyanyue upande mmoja sentimita 12 tu na imeanza kutafuta kulala. Mota ikiwa nyuma, au kigari, kile kinachobeba kisu na kutembea juu ya kitanda, kikiwa kimezidi mbele, hata hizo 12 hazifiki. Na ikishaanza hakuna binadamu wa kuizuia. Usijaribu hata kuigusa. Mfundishe kila atakayekuja kukusaidia: chuma kikianza kuanguka, ruka mbali, mashine inatengenezeka. Jukwaa la mita 1.2 linaifanya isimame kwa upana zaidi ya mara mbili ya miguu yake, na hofu hiyo inapungua sana.

Pili, ifunguliwe vinavyofunguka. Wewe wa Kigoma una mfano bandarini kwako. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande na kupakiwa katika makasha kama 5,000. Makasha yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, yakasafirishwa kwa reli kuelekea Kigoma, meli ikaungwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Waliitoa Ulaya hadi Tanganyika kwa sababu hawakuwa na haja ya kuihamisha ikiwa nzima.

Kwako wewe vitoke hivi: chaki (taya zinazokaza chuma kinachokerezwa), kichwa cha nyuma (kinachoshikilia ncha ya pili ya chuma hicho), mota, sinia la mabaki, na vifuniko. Chaki ya milimita 200 ina kilo 15 au zaidi na huponyoka ghafla uzi unapoisha, kwa hiyo weka ubao juu ya kitanda cha mashine chini yake kabla ya kuanza kuilegeza. Ubao huo unaokoa kitanda na vidole. Utapunguza uzito kwa kilo 100 hivi, lakini faida kubwa ni kwamba vitu vinavyotokeza na kuning'inia vimeondoka. Kichwa kikuu usikiguse. Kukiondoa kwenye kitanda ni rahisi, kukirudisha katika mstari wake ni kazi ya siku nyingi na vipimo ambavyo huna. Piga picha kwa simu kila hatua. Hesabu zote zinazofuata nimeziacha kwenye kilo 1,200 kamili, tukosee upande wa usalama.

Neno moja kuhusu silingi, yaani mikanda au kamba za kuning'inizia mzigo, maana wapakiaji wana haraka. Zipite chini ya kitanda. Zisishike ile shafti ndefu yenye nyuzi wala fimbo iliyo sambamba nayo. Zikipinda hizo, umenunua chuma chakavu. Kigari kisukumwe upande wa kichwa cha nyuma ili mashine ining'inie sawa, kisha kifungwe. Na silingi ziwe ndefu. Miguu miwili ya silingi ikisimama wima, kila mmoja unabeba kilo 600. Ikilala hadi nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unabeba karibu 850. Ikilala hadi nyuzi 30, kila mmoja unabeba 1,200 nzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Nimeona silingi zikilaumiwa kwa ubovu ilhali zilikuwa nzima, ila fupi.

Sasa lori limefika Mwanga. Uso wa lori dogo uko kama mita moja kutoka chini, na hiyo mita moja ndiyo inayowatisha watu kuliko zile 22. Wewe una bahati ya mteremko. Mtu wa tambarare angelazimika kukodi kreni au kusimamisha mabomba matatu na kuning'iniza chenibloku, ile kapi ya mnyororo. Wewe tafuta au chimba mahali ambapo ardhi iko sawa na uso wa lori. Kingo za barabara za milimani zina sehemu hizo nyingi: upande mmoja barabara, upande wa pili udongo umesimama hadi kiunoni. Kama kingo hiyo iko upande wa juu wa barabara na banda lako liko chini, zungumza na jirani mwenye uwanja wa kuingilia ulio sawa. La sivyo, chimba mtaro wa magurudumu ya nyuma ili lori lishuke, na udongo huo uujaze nyuma ya lori na kuushindilia. Siku moja ya majembe mawili. Fanya hivyo siku ya kabla, usingoje lori lifike.

Lori likishaingia mahali pake, weka kabari kwenye magurudumu yote, mbele na nyuma. Kisha jaza mbao chini ya fremu yake, nyuma kabisa, hadi zikaze. Hili lina sababu: mzigo ukisogea kuelekea ukingoni, springi za nyuma zinabonyea na mbele kunainuka, na mzigo ukitoka springi zinaruka juu. Mara nyingi mashine ikiwa nusu kwenye lori na nusu kwenye daraja la mbao, lori huinuka sentimita kadhaa na daraja hupoteza mshiko. Ukilijaza mbao, lori linakuwa kama sehemu ya ardhi. Daraja lenyewe liwe fupi iwezekanavyo, boriti nne nene, zimefungwa pamoja zisitengane.

Hapo juu ya lori, na baadaye bandani, mabomba ndiyo magurudumu yako. Mabomba ya chuma ya inchi moja na nusu, yenye kuta nene, sita au saba, kila moja lipite upana wa jukwaa sentimita 15 kila upande. Kwenye sehemu tambarare na ngumu, mzigo wako juu ya mabomba unahitaji msukumo wa kilo 35 hivi. Mtu mmoja anausogeza. Ukitaka kukata kona, gonga ncha ya bomba la mbele kwa nyundo likae mshazari, na jukwaa litalifuata. Mabomba matatu yawe chini ya mzigo wakati wote, na linalotoka nyuma linahamishiwa mbele.

Nisimamie hapo kwenye kuhamisha bomba. Kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto ni kifupi kuliko kilivyozaliwa. Ilikuwa mashine ya kutoboa, ndogo kuliko yako, kwenye sakafu nzuri ya zege, mchana kweupe. Nilichukua bomba nyuma, nikaliweka mbele, likakaa kidogo upande. Nikalishika juu kwa vidole kulinyoosha, kama unavyonyoosha kalamu mezani. Mwenzangu nyuma alidhani niko tayari akasukuma, msukumo mdogo tu. Jukwaa lilikuja polepole sana. Nililiona likija. Bomba likaviringika nusu mzunguko na kidole kikaingia kati ya bomba na mbao, na kwa kuwa lilikuwa linaviringika, lilikivuta ndani badala ya kukigonga. Hakukuwa na kishindo. Walipiga mtaimbo kuinua ukingo, nikatoa mkono.

Kwa hiyo: bomba linawekwa wakati mzigo umesimama, na anayeliweka ndiye anayetoa ruhusa ya kusukuma, kwa sauti, baada ya kusimama wima na mikono yake kuonekana. Kulinyoosha, tumia kipande cha fimbo au nyundo. Mkono hauna kazi mbele ya mzigo.

Sasa mteremko, na hapa nakuomba usome taratibu. Hukuniambia ukali wake. Pima hivi: chukua ubao ulionyooka, pima maji (kile kifaa cha kuonyesha usawa) na futi; ncha moja ya ubao iguse ardhi ya juu, usawazishe ubao, kisha pima ncha ya pili iko juu ya ardhi kiasi gani. Nitachukulia kwamba njia inashuka mita 1 kwa kila mita 6 unazotembea, ambayo ni kawaida kwa viwanja vya milimani. Kwenye mteremko huo mashine yako inavutwa kwenda chini kwa nguvu ya kilo 200. Ukiiweka juu ya mabomba, mabomba yanaizuia kwa kilo 35 tu. Zinabaki 165 zinazotaka kukimbia, na zikishaanza zinaongeza kasi kila hatua, kuelekea banda, mkeo na watoto. Ukiiweka juu ya mbao inayoteleza juu ya mbao, msuguano wenyewe unaizuia kwa kilo 350 hadi 470. Maana yake imekaa. Haiendi popote hadi uisukume, na ukiacha kusukuma inasimama palepale.

Basi kwenye mteremko mabomba yatolewe yote. Tandika mbao mbili za inchi mbili kwa nane kama reli, kila moja ikifuata boriti moja ya jukwaa, zikiwa zimezikwa nusu kwenye udongo na kupigiliwa vigingi pembeni zisihame. Unahitaji mita sita tu za reli, unazihamisha kutoka nyuma kwenda mbele. Watu watakuambia upake sabuni ya mche au grisi ili iteleze vizuri. Kwenye tambarare sabuni ni msaada mkubwa, mimi mwenyewe naitumia. Kwenye mteremko usiiguse, kwa maana hicho unachokipunguza ndicho breki yako. Kwa sababu hiyohiyo usifanye kazi hii mvua imenyesha. Huko kwenu masika yakishakolea udongo mwekundu unakuwa sabuni bila kupakwa. Ngoja Juni au Julai kama unaweza.

Kusukuma ni kwa mtaimbo. Wawili, mmoja kila boriti, nyuma ya jukwaa, upande wa juu. Ncha ya mtaimbo inaingia kati ya reli na kisigino cha boriti, unaivuta na mzigo unakwenda sentimita tatu. Mita 22 kwa sentimita tatu ni misukumo kama 730. Najua inasikika mingi. Kwa watu wawili wanaopokezana ni mchana mmoja, na mwisho wake kila mtu anakwenda kula na vidole vyake kumi.

Hata hivyo usiutegemee msuguano peke yake. Funga kamba ya kuzuia kwenye jukwaa, siyo kwenye mashine, na uipeleke juu hadi kwenye shina la mti hai, mwembe kwa mfano, au kigingi cha bomba kilichozikwa mita moja kwa zege. Kamba izungushwe kwenye shina mara tatu kamili, kisha mtu mmoja ashike ncha yake. Mabaharia wa majahazi wanaijua siri hii tangu zamani: kila mzunguko hupunguza mvuto unaofika mkononi mara tano au zaidi, hivyo kwa mizunguko mitatu mtu mmoja anazuia kile ambacho watu kumi wasingekizuia. Anaachia kamba kidogo kidogo kufuatana na mitaimbo, haruhusu ilegee, na hajizungushii kamba kiganjani wala kiunoni. Kamba iwe ya katani, mpya na kavu, nene kama kidole gumba, au mkanda wa kufungia mizigo wa lori. Zile kamba za plastiki za buluu zinayeyuka zikisuguana na shina, na kamba ya nailoni inavutika kama mpira. Ikikatika inarudi na kumpiga mtu usoni. Na kuhusu watu, asisimame yeyote kwenye mstari wa kamba, na asisimame yeyote upande wa chini wa mzigo, hata kwa sekunde ya kupiga picha. Anayehamisha reli za mbele anafanya hivyo wakati jukwaa limewekewa kabari mbili na kamba imekazwa.

Hao vijana 15, wachukue watano. Wewe ni wa sita. Wawili mitaimbo, mmoja kamba, mmoja kabari, mmoja reli, na mmoja ambaye hashiki kitu: yeye anatazama na kutoa amri. Huyo uwe wewe. Amri ziwe tatu tu, sukuma, simama, kabari, na neno "simama" analo kila mtu, hata mtoto aliye dirishani. Na hakuna kuimba harambee. Napenda kuisikia, nimeivuta nayo mizigo mingi kwenda juu, lakini wimbo ule umetungwa ili nguvu za watu zije pamoja kwa kishindo, na kishindo ndicho usichokitaka mzigo ukiwa unashuka. Kushusha ni kazi ya ukimya.

Mkifika kwenye zege mambo yanakuwa mepesi. Rudisha mabomba, ingiza mlangoni. Mlango uupime leo, pamoja na vitasa vya mashine vinavyotokeza, usisubiri siku hiyo. Jukwaa la mita 1.2 halitapita mlango wa kawaida wa sentimita 90, kwa hiyo ama ung'oe fremu na safu moja ya tofali, ambayo fundi uashi anairudisha kwa siku moja, ama ingiza kwa urefu baada ya kupunguza boriti za kukingama ukiwa tayari kwenye sakafu tambarare. Mimi ningeng'oa fremu. Ile saa ya kuipunguza mashine upana ndiyo saa inayoanguka.

Kuishusha kutoka kwenye jukwaa kunahitaji jeki moja ya mafuta ya tani tano, mtaimbo, na lundo la vipande vya mbao vya unene mbalimbali: sentimita tano, mbili, moja. Anza upande wa kichwa, maana ndio mzito, kama kilo 800. Zisikutishe. Mtaimbo wa mita moja na nusu ukiwekewa egemeo sentimita saba kutoka nchani unazidisha nguvu yako mara 20, kwa hiyo kilo 40 za kubonyeza zinatosha kuinua unene wa ubao. Jeki inapanda sentimita moja, unasukuma kipande kwa fimbo, jeki inapanda tena, kipande kingine. Vipande vinapandana msalaba, viwili hivi, viwili vile, hadi boriti iwe huru na itolewe. Kisha unashuka kwa njia ileile, kipande kimoja kimoja, ukibadilisha pande, kichwa kisitangulie mkia zaidi ya sentimita mbili.

Usiegemeze kwa tofali. Nasema hivi kwa sababu kila uwanja wa nyumbani una tofali na kila mtu huzifikia mkono. Tofali la saruji halikupi onyo. Mbao ikizidiwa inalia, inabonyea, inapasuka nyuzi kwa nyuzi na unapata muda wa kutoka. Tofali linasimama kimya na kufumba na kufumbua ni mchanga. Nilikuwa kibarua wa miaka 19 nilipoliona likifanya hivyo chini ya kompresa, na kilichotuokoa ni kwamba bwana mkubwa alikuwa ametutuma sote nje kwenda kunywa chai.

Mashine ikishagusa sakafu, usiifunge bolti siku hiyo. Isawazishe kwa pima maji nzuri juu ya kitanda, kwa urefu na kwa upana, ukiweka vipande vyembamba vya chuma chini ya miguu. Upana ndio wa muhimu zaidi: kitanda kikipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, hata unywele tu, kazi zako zote zitatoka na unene tofauti ncha hadi ncha. Iache wiki mbili ikae, ipime tena, ndipo uifunge. Acha nafasi nyuma ya mashine ya kupita mtu mzima na ufagio, na kwenye kichwa nafasi ya kuingiza bomba refu kwenye tundu la spindo (mhimili unaozungusha chaki), ambayo wengi huisahau na kuishia kutoboa ukuta. Umeme wa fezi tatu ni swali lingine, niandikie ukishaongea na watu wa TANESCO.

Yale majukwaa na mabomba usiyachome wala kuyauza. Bolti zake zitie kwenye kopo la rangi, andika juu yake, na boriti zipandishe kwenye kenchi, mahali pakavu. Siku ukipata mashine ya kutoboa, utazishusha.